Mapepe Yasiyoisha Ukubwani

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa, VICOBA kama tulivyozoea kuviita, huwa na daftari la faini. Aliyechelewa kikao anatozwa. Aliyesahau kitabu cha hisa anatozwa. Anayedakia maneno kabla mwenyekiti hajamruhusu naye anatozwa. Ukilifungua daftari hilo kule wilaya za Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, na kulisoma tangu mwanzo wa mwaka, utaona faini zimetawanyika kama rasharasha, mia tano hapa, mia tano pale, kila mtu na siku yake. Halafu liko jina moja, mara chache mawili, linalojirudia ukurasa kwa ukurasa. Mwenye jina hilo si mwizi wala si mlevi. Wiki hii kanunua hisa nyingi kuliko wote, wiki ijayo hana hata moja. Mkopo aliouomba kwa ajili ya mbolea umeishia kwenye sola. Wenzake wanampenda kwa uchangamfu wake, na wakati huohuo wamemchoka. Wanasema ana mapepe. Wanasema ni mtu wa nguvu ya soda.

Baadhi ya watu hao, ingawa si wote, wana ADHD, na wamekuwa nayo tangu utoto. Hii ni hali ya ubongo inayotibika, lakini katika wilaya hizi mbili karibu haijulikani nje ya vyumba vichache vya hospitali, na pale inapotajwa hutajwa kama jambo la watoto. Watu husema tunachokosa ni dawa. Ni kweli dawa tunaikosa, nami nitaieleza. Hata hivyo naamini pengo kubwa zaidi liko mapema kuliko hapo. Mtu mzima anaweza kufika zahanati mara ishirini, leo kwa kichwa, kesho kwa vidonda vya tumbo, siku nyingine kwa ajali ya pikipiki, na hakuna hata siku moja atakapoulizwa alikuwaje alipokuwa darasa la tatu.

Kwa Kiswahili hali hii bado haina jina lililokubalika. Usonji umepata jina lake na limeenea, lakini ADHD imebaki herufi nne. Wanaoitafsiri husema ni upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, na tafsiri hiyo inapotosha, maana umakini mwenye hali hii anao. Kuna fundi pikipiki mmoja namfahamu, kibanda chake kiko kando ya barabara wanakopita madereva wa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mpelekee injini iliyowashinda mafundi watatu: atainama saa sita bila kula, na jioni itanguruma. Lakini mwambie abadilishe oili, kazi ya dakika kumi, na pikipiki yako italala pale siku mbili. Siku niliyokaa naye kulikuwa na injini tatu zimefunguliwa juu ya makadibodi, nati zake zimechanganyika kwenye kopo moja la rangi, na yeye anasema, "Kaka, nipe dakika kumi, nafuata spea hapo juu." Akarudi baada ya Alasiri. Spea hakuwa nayo, alikuwa na kuku.

Kinachomsumbua ni usukani. Umakini upo, ila hauendi anakotaka yeye, unakwenda kwenye kitu kipya, kigumu au cha hatari. Katika ubongo kuna kemikali za dopamini na noradrenalini zinazosaidia kupima jambo lipi lishikwe sasa na lipi lisubiri, na kwa mwenye ADHD mizani hiyo ina kasoro. Faida ya leo humvuta kwa nguvu, ya mwakani humvuta kidogo sana. Sasa mweke mtu huyo kwenye kilimo cha Ngara, ambako mche wa kahawa husubiriwa miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya maana, na palizi haikungoji upate hamu. Jirani anaona uvivu. Yeye mwenyewe, baada ya kuambiwa hivyo tangu utotoni, naye anaona uvivu.

Elimu ya jambo hili si changa. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London habari za watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Mwaka 1937 Charles Bradley, huko Rhode Island nchini Marekani, aliwapa watoto wasiotulia dawa ya kuchangamsha, akashangaa kuona wametulia na kusoma. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza methilifenidati, na jina la biashara la Ritalin likatokana na Rita, jina la utani la mkewe. Ila kwa muda mrefu waliamini kwamba mtoto akikua hali huisha. Ilibidi ifike miaka ya 1970 ndipo watu kama Paul Wender wa Utah waanze kuwachunguza watu wazima kwa makini. Leo mwongozo wa Marekani wa 2013 unataka dalili zisizopungua tano kwa aliyetimiza miaka 17, nao pamoja na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 hushikilia sharti moja: dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12. Sharti hilo ndilo nguzo ya uchunguzi wote, na kwetu ndilo lenye taabu zaidi, kama nitakavyoonyesha.

Ni wangapi? Makadirio yanayotumika sana duniani ni mtoto 1 kati ya 20, na mtu mzima 2 au 3 kati ya 100. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, nao wameongezeka tangu hapo. Tukisema watu wazima ni 300,000 tu, asilimia 2.5 inatupa watu 7,500. Hiyo ni hesabu ya karatasini, haikutokana na kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Lakini hata ukiikata nusu, bado ni watu wa kujaza kijiji kizima, na hawana faili popote.

Kwa nini hawaonekani? Sababu moja ni maswali yenyewe. Kipimo cha kuanzia kinachotumika duniani, kilichotayarishwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, kina maswali sita: kama mtu hushindwa kumalizia vipengele vya mwisho vya kazi, kupanga mambo, kukumbuka miadi, kama huahirisha kazi inayohitaji kufikiri sana, kama huchezacheza miguu na mikono akikaa muda mrefu, kama hujiona anaendeshwa kama mashine. Ni maswali mazuri kwa mtu mwenye meza, kalenda na bosi. Mkulima wa Rulenge hana miadi, ana misimu. Ukimuuliza kama husahau mikutano atakujibu hapana, na atakuwa hajakudanganya. Muulize basi ni mara ngapi amepalilia nusu ya shamba la maharage akaondoka kwenda kusaidia kuezeka nyumba ya jirani. Muulize ameanza vibanda vingapi bila kuezeka. Muulize kuhusu lile daftari la faini. Tafsiri ya kipimo isiishie kwenye maneno, iingie kwenye siku nzima ya mtu.

Sababu nyingine inahusu wanawake, na hapa naomba nisiharakishe. Msichana mwenye hali hii mara nyingi haruki madirisha. Hukaa kimya nyuma ya darasa, macho yako ubaoni na mawazo yako mtoni, na katika darasa la watoto wengi mwalimu anamshukuru kwa kutosumbua. Anafika darasa la saba, anafeli, na hakuna anayeuliza. Akiolewa ndipo mtihani mkubwa unapoanza, kwa sababu siku ya mama wa kijijini ni kazi saba zinazokwenda pamoja: maji, kuni, mtoto mgongoni, maharage jikoni, mbuzi, jembe, mgonjwa wa ukoo. Hizo zote zinataka kile kile asichokuwa nacho, uwezo wa kushika nyuzi nyingi bila moja kuponyoka. Maharage yanaungua. Tarehe ya chanjo kwenye kadi ya kliniki inapita, anafika wiki mbili baadaye na kugombezwa mbele ya wenzake. Mume akiwa na mapepe husemwa ni mchangamfu ila hana mpango. Mke akiwa nayo huitwa mzembe, mama mkwe huanza kusema, na neno hilo linaweza kuvunja ndoa. Wengi hufika kwa mganga au kwenye maombi kabla ya kufika kwa daktari. Siwalaumu, maana huko angalau husikilizwa kwa muda mrefu kuliko dakika tano za mstari wa wagonjwa wa nje.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni kumpa jina la ADHD kila asiyetulia. Katika wilaya hizi kosa hilo ni rahisi kuliko sehemu nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa takriban siku moja, na Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano, pakageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Desemba 1996 walirudishwa. Warundi nao walikuja kwa mawimbi kabla na baada. Watoto walioshuhudia maiti zikielea mto Kagera, wageni kwa wenyeji, leo ni watu wazima wenye watoto. Kiwewe humfanya mtu asikae, asilale, ashtuke, asahau, apoteze uzi wa maneno, na kwa dakika kumi za mazungumzo huwezi kukitenganisha na ADHD. Kinachotenganisha ni mwanzo: alikuwaje kabla? Na hapa ndipo ile nguzo ya umri wa miaka 12 inapotikisika. Shahidi wa utoto wa mtu huwa ni mama, shangazi, mwalimu, au ripoti ya shule. Kwa familia iliyotawanyika katika nchi tatu mashahidi hao hawapo, na kama tukio lenyewe lilimkuta ana miaka saba, hakuna hata kabla ya kuulizia.

Halafu kuna malaria. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa 2008 uliwafuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo: miaka miwili baadaye, kama mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, na eneo lililoathirika zaidi lilikuwa umakini. Kwa ukanda wa Ziwa, ambako malaria imekuwa ugonjwa wa kila siku, hili si jambo dogo. Kuna waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa na waliozaliwa njiti, ambao hatari yao ya kupata ADHD ni kubwa zaidi. Kuna virusi vya UKIMWI, vinavyoweza kugusa kumbukumbu na umakini vyenyewe, na kuna efavirenzi, dawa iliyowapa wengi ndoto za kutisha na kichwa kizito kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake. Kuna tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, sonona, kifafa, na kuna gongo na pombe ya ndizi. Pombe hasa inachanganya kwa sababu inakaa pande zote mbili: huharibu umakini, na pia mwenye ADHD huikimbilia ili kichwa kinyamaze jioni. Mhudumu akiona chupa akasema nimepata jibu, amekosa nusu ya jibu.

Kwa hiyo uchunguzi mzuri ni hadithi ya maisha, haumo kwenye damu wala kwenye picha ya kichwa. Hakuna kipimo cha maabara. Mtu aliyefundishwa, akiwa na saa moja na ndugu mmoja wa mgonjwa, anaweza kufika mbali. Saa hiyo moja ndiyo bidhaa adimu.

Kabla ya kufika kwenye tiba kuna utafiti mmoja wa kwetu Afrika Mashariki unaostahili kutulia nao. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha walichokiona kwa wanaume wa Ariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Waliangalia aina moja ya kinasaba cha kipokezi cha dopamini, ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na kupenda mapya na, kwa kiasi kidogo, na ADHD. Wenye aina hiyo walioendelea kuhamahama na mifugo walikuwa na lishe nzuri kuliko wenzao wa kuhamahama wasio nayo. Lakini miongoni mwa Waariaal waliotulia kijijini na kulima, wenye aina hiyo ndio walikuwa na lishe mbaya zaidi. Utafiti ulikuwa mdogo, na kinasaba kimoja hakimfanyi mtu kuwa na ADHD. Nauleta kwa sababu unasema kwa mizani ya chakula jambo ambalo wazee wetu huliona kwa macho: tabia moja hushibisha hapa na kuleta njaa pale.

Nawaona watu wa aina hiyo Nyakanazi na Lusahunga, kwenye bodaboda, kwenye udalali wa mizigo, kwenye mnada wa ng'ombe, na kwenye mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Biharamulo, ambako leo unaweza kukosa na kesho ukapata. Kazi hizi zina jibu la haraka, mwendo, na kitu kipya kila saa. Kumshauri mtu achague kazi inayoelewana na kichwa chake ni sehemu ya matibabu, hata kama haiandikwi kwenye cheti cha dawa. Ila ushauri huo una mpaka, nao ni barabara. Mwenye ADHD hupata ajali zaidi kuliko wengine. Uswidi walifuatilia watu zaidi ya 17,000 wenye hali hii, na katika matokeo ya 2014 wanaume walipungukiwa na hatari ya ajali kubwa kwa zaidi ya nusu katika vipindi walivyokuwa kwenye dawa. Nikiwaza lile tuta la Lusahunga usiku, malori yameegeshwa bila taa na kijana anapita katikati na abiria wawili, siwezi kusema kwamba dawa hizi ni anasa ya Wazungu.

Dawa zenyewe ni hivi. Methilifenidati na jamii ya amfetamini hufanya kazi ndani ya saa moja, huongeza dopamini na noradrenalini pale zinapohitajika, na huwasaidia wengi wa wanaozitumia, hata zikazidi dawa nyingi za magonjwa ya akili kwa nguvu. Kidonge cha kawaida cha methilifenidati hudumu kama saa nne. Hupunguza hamu ya kula na usingizi, hupandisha mapigo na shinikizo kidogo, hivyo mwenye ugonjwa wa moyo apimwe kwanza. Atomoksetini si ya kulevya lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Madaktari bingwa wamewahi kutumia pia dawa za zamani za sonona kama imipramini, ambazo ushahidi wake ni hafifu zaidi na kuzidisha dozi yake kunaweza kuua. Na dawa yoyote kati ya hizi inayonunuliwa mkononi, upande wowote wa mpaka, ni hatari tupu.

Usitegemee kuikuta methilifenidati kwenye dirisha la dawa la wilaya. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ni dawa inayodhibitiwa, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuombwa kuiweka kwenye Orodha ya Dawa Muhimu, likakataa 2019 na tena 2021. Orodha hiyo ndiyo nchi maskini huitazama zinapopanga zinunue nini. Naheshimu hoja ya kutaka ushahidi zaidi wa matumizi ya muda mrefu. Lakini matokeo yake kwa mtu wa Murgwanza, Ngara, ni kwamba tiba yake inaanzia hospitali kubwa za mbali: Bukoba ilipo hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Nauli, kulala, na siku mbili za kazi zilizopotea bado zipo, na anayetakiwa kupanga safari hiyo kwa mpangilio, kukumbuka tarehe na kutunza karatasi ni mtu ambaye ugonjwa wake ni kutoweza kupanga, kukumbuka na kutunza.

Lakini Kagera inajua jambo moja kuliko mkoa wowote nchini. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa hapa mwaka 1983. Miaka ishirini baadaye, ARV zilipoanza kutolewa bure, kulikuwa na wasiwasi kwamba mtu wa kijijini asiye na saa hataweza kumeza dawa kila siku maisha yake yote. Ameweza. Ameweza kwa sababu kliniki za matunzo na tiba, CTC, hazikumwachia kukumbuka peke yake. Zilimpa kadi yenye tarehe, mtu wa nyumbani wa kumkumbusha, washauri wanaoishi na virusi kama yeye (WAVIU washauri) wa kumfuata alipopotea, na muuguzi anayemjua kwa jina. Kila kimoja kati ya hivyo ndicho hasa ambacho mtu mzima mwenye ADHD anahitaji, hata kabla ya kidonge cha kwanza. Tiba ya mazungumzo iliyothibitika kumsaidia haichimbi sana yaliyopita. Hufundisha kuandika, kugawa kazi kubwa vipande, kuweka kitu kimoja mahali pamoja, kuwa na mtu wa kutoa kwake hesabu ya wiki. Muuguzi wa CTC hufanya kazi hiyo kila siku bila kuiita tiba ya ADHD. Nadhani ni rahisi zaidi kumfundisha yeye na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii maswali machache kuliko kusubiri bingwa ahamie Biharamulo. Na wanayo sababu yao wenyewe ya kuuliza: anayekosa dozi za ARV mara kwa mara huandikwa mtoro, wakati huenda amekuwa hivyo tangu darasa la kwanza.

Yule fundi niliyemtaja hajawahi kupimwa, nami si daktari wa kumpa jina. Ila mwaka jana mkewe alichukua chaki akagawa ukuta wa kibanda sehemu tatu: imefungwa, inasubiri spea, mwenyewe ameshapigiwa. Kila pikipiki ina namba yake pale, na jioni mke hupita na kuuliza moja moja. Kopo la nati limegeuka kuwa makopo matatu. Makosa hayajaisha, lakini wateja wawili waliokuwa wamemhama wamerudi.

ADHD ni kati ya hali za akili zinazorithiwa zaidi. Tafiti za mapacha huweka mchango wa urithi karibu na asilimia 74, kwa hiyo kumpata mzazi ni njia ya kumpata mtoto. Kijana wa yule fundi yuko darasa la pili. Alipotoka shule siku ile niliyokaa na baba yake alikuja moja kwa moja kibandani, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kiko wapi. Baba alilichukua daftari lake la hesabu, akalifungua. Maswali matatu ya kwanza yalikuwa sahihi, la nne limeachwa katikati, na pembeni kuna picha ya injini, imechorwa vizuri sana, na silinda yake. Chini ya picha mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mvivu. Fundi alilitazama neno lile muda mrefu, mikono ina grisi, kisha akamwambia mwanawe aketi kwenye ndoo wamalizie lile swali la nne.